Begi jepesi na frasila moja ya mzigo

Mabegi mengi mepesi ya kambi yanayotoka Marekani yameandikwa kikomo cha ratili 35. Hizo ni kilo 16 kasoro kidogo na, kwa bahati tu, ni sawa na frasila moja ya wafanyabiashara wa pwani wa zamani. Wapagazi wa misafara ya Bagamoyo na Tabora walibeba kama frasila mbili kila mmoja, ndiyo maana hadi leo tunasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Siku hizi frasila moja inatosha kumtesa mtu aliyenunua begi la bei mbaya. Saa ya pili tu utamwona ameingiza vidole gumba chini ya mikanda ya mabegani na kuisukuma mbele ili mabega yapumue.

Mtu akitembea hivyo, tatizo lake mara nyingi si kilo anazobeba. Begi lake limeshindwa kuzifikisha kiunoni.

Wanaobuni mabegi haya humfikiria msafiri mwenye hema la kilo moja anayekutana na kijito kila baada ya saa mbili. Kwenye njia za Sirimon na Chogoria za Mlima Kenya dhana hiyo haiko mbali na ukweli. Kilimanjaro ndiyo kabisa: mgeni anabeba kibegi cha mchana, na hata maji ya kambi ya Barafu, ambako hakuna chanzo, hupandishwa na wapagazi kutoka bonde la Karanga. Milima ya Chyulu ni habari nyingine. Ardhi yake ni majivu na mawe ya volkano, mvua ikinyesha inazama na kwenda kutokea chini kwenye chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi. Huko juu hakuna mto wa kuchotea. Ukilala usiku mbili, hesabu inakuwa hivi: vifaa vyote pamoja na begi lenyewe kilo 6, chakula gramu 700 kwa siku kwa siku tatu ni kilo 2 na kidogo, maji lita 5 kwa siku kwa siku mbili kamili ni kilo 10. Unaondoka na kilo 18. Unarudi na 7 au 8. Begi moja lazima limudu hali zote mbili, na ni ile ya kwanza inayochagua begi.

Kazi kubwa ya fremu, yaani kiunzi kigumu kinacholipa begi uti, ni kuzuia begi lisifupike. Kati ya mahali mikanda ya mabegani inapoanzia na katikati ya mkanda wa kiuno pana umbali fulani, tuseme sentimita 48, ambao ndio urefu wako wa mgongo. Begi tupu dukani linakupa 48 zote. Litie kilo 16, na kama limekosa uti linakaa chini kama gunia lililojaa nusu: mashina ya mikanda yanashuka hadi 45. Mabega yako hayajashuka. Zile sentimita 3 zinageuka kuwa mvuto juu ya mabega, na hapo hata ukikaza mkanda wa kiuno mpaka pumzi ikate, kiuno kinabana bila kubeba. Kwa macho yangu, begi linalopoteza chini ya sentimita 1 ni zuri, 2 linavumilika, 3 lirudishe dukani.

Kinachofuata ni mzigo ulivyokaa karibu au mbali na mgongo. Chukua kilo 16 ambazo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 15 nyuma yako. Mikanda ya mabegani inashika kama sentimita 45 juu ya mkanda wa kiuno. Ukisimama wima, mabega yanavutwa nyuma kwa 16 mara 15 gawanya kwa 45, yaani kilo 5 na ushei. Usogeze mzigo huo nyuma kwa sentimita 5 tu, mvuto unapanda hadi kilo 7. Hesabu hii ni ya juu juu, maana mwili wenyewe huinama mbele kusawazisha, lakini inaeleza kwa nini begi lenye wavu mgongoni, lile linaloacha upenyo wa hewa, linasifiwa sana kwa kilo 10 na kulalamikiwa kwa kilo 17.

Sasa mabegi yenyewe. Yale yasiyo na fremu kabisa, ya gramu 400 hadi 600, yanafaa mpaka kilo 9 au 10. Kuna ujanja wa kuyapa uti: kunja mkeka wa sponji uwe bomba, uingize ndani ya begi, uuache ufunguke mpaka uguse kuta, kisha panga vitu katikati kwa kubana. Utapata kilo 2 au 3 za ziada. Kwenda nalo Chyulu ni ubishi tu.

Granite Gear Crown 60 (namba kwenye jina ni ujazo kwa lita) ina bamba la plastiki mgongoni. Bamba likiwa limepinda kidogo linahimili uzito wa kwenda chini vizuri, na mkanda wake wa kiuno unarekebishika urefu, jambo adimu na la thamani kwa mnaotumia begi moja watu wawili. Mtengenezaji anasema ratili 35. Mimi naliona tulivu hadi kilo 13 au 14. Zaidi ya hapo bamba linaanza kujikunja kiunoni, na ukilijaza ovyo upande wa mgongo unatokeza kama pipa.

Gossamer Gear Mariposa 60 inakaribia gramu 900. Fremu yake ni ufito mmoja wa alumini uliokunjwa mfano wa herufi U, na kikomo kilichotajwa ni kile kile cha ratili 35. Kwa kilo 12 ni raha. Kwa 16 inabeba, ila inakudai upangaji wa makini, kwa sababu nje upande mmoja una mfuko mrefu na upande wa pili miwili mifupi. Ukitumbukiza maji yote kwenye ule mrefu, kufika mchana nyonga moja inauma na nyingine haina habari.

ULA Circuit, ya kilo 1.1 hivi, ndiyo ningempa mtu anayetaka jibu fupi. Ina pete ya fremu inayozunguka mgongo pamoja na ufito wa alumini katikati, na mkanda wa kiuno ni mnene na unabadilishwa kwa saizi. Mikanda ya mabegani unachagua yenye mkunjo wa J au wa S. Ya S huwakaa vizuri wenye kifua kikubwa, wanawake wengi wakiwemo, kwa sababu inapita pembeni badala ya kukandamiza. Ratili 35 za Circuit ni za kweli. Kilo 18 za saa za mwanzo itazimudu kwa kunung'unika kidogo.

Southwest 3400 ya Hyperlite Mountain Gear (hapa namba ni inchi za ujazo, kama lita 55) ina fito mbili bapa za alumini, na kitambaa chake cha Dyneema hakivutiki hata kidogo, hivyo mzigo haulegei njiani. Kikomo kinatajwa ratili 40, kilo 18. Fremu inastahili sifa. Lakini mkanda wa kiuno umeshonwa kwenye begi, kwa hiyo ukikosea saizi umekosea moja kwa moja, na juu ya mabega hakuna vikanda vya kuvutia begi. Wengi wanaolilaumu hawajawahi kuzichomoa fito zake na kuzikunja zifuate mgongo wao. Chomoa, mwombe mtu aushikilie ufito mgongoni mwako ukiwa umesimama wima, uone unapoacha nafasi pale kiunoni, kisha ukunje taratibu juu ya goti. Kidogo kidogo, usikunje na kunyoosha mara nyingi mahali pamoja, alumini huchoka ikakatika.

Zpacks Arc Haul ina fito mbili za kaboni zinazopindwa kama upinde kwa kamba, ili wavu ukae mbali na begi. Inachekesha kwa wepesi wake: inapewa ratili 40 na yenyewe ni kama theluthi mbili za kilo. Urefu haupungui, kaboni ni ngumu. Lakini ukikaza upinde sana mzigo unasogea nyuma na ile hesabu ya mabega inaanza kukudai. Ukiwa na mzigo mzito, legeza upinde ubaki na mwanya wa vidole viwili tu. Na kaboni haipindi, inakatika. Usilikalie begi hili kambini wala kulirusha juu ya basi.

Osprey Exos 58 ni ya kilo 1.3 hivi, fremu ya alumini inazunguka pembezoni na wavu umekazwa mbele yake. Ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi nje ya Marekani, na kwenye joto la nyanda za chini ule wavu ni neema. Kwa kilo 11 au 12 sioni la kulikosoa. Kwa 17, wavu unabonyea, vitu vilivyo ndani vinabaki mbali, na ukingo wa chini wa fremu unaweza kukusugua juu ya makalio.

Durston Kakwa 40 inachukua njia nyingine: bomba la alumini lililopinda mfano wa U iliyogeuzwa, na ncha zake mbili zinachomekwa moja kwa moja kwenye mkanda wa kiuno. Uzito haupiti kwenye kitambaa hata kidogo. Begi halifikii kilo moja, lakini kwa kilo 16 linatulia kuliko mabegi kadhaa ya kilo mbili. Kosa lake ni kwamba urefu haurekebishiki, na kwa maji mengi na mfuko mnene wa kulalia nafasi inaisha haraka.

Saizi inaweza kuharibu haya yote. Inamisha kichwa, papasa pingili inayotokeza kuliko zote chini ya shingo. Hiyo ni alama ya juu. Weka mikono kiunoni, vidole gumba nyuma, juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga. Mstari kati ya vidole gumba ni alama ya chini. Tepu ya fundi cherehani ipite kwenye mkunjo wa mgongo, si hewani. Urefu wa mtu hautoshi kukuambia: watu wawili wa sentimita 175 wanaweza kutofautiana mgongo kwa sentimita 5. Ukiangukia mpakani mwa saizi mbili na unabeba mizito, chukua ndefu.

Sababu ya kuchukua ndefu ni vile vikanda vidogo vinavyotoka juu ya bega kwenda kileleni mwa fremu. Vinafanya kazi vikipanda kwa pembe ya karibu digrii 45, na hiyo inataka fremu ipite juu ya bega kwa sentimita 5 hadi 8. Fremu ikiishia usawa wa bega, kikanda kinalala, na ukikivuta kinaleta kichwa cha begi karibu na kisogo bila kuinua chochote. Baadhi ya mabegi yameshonewa vikanda hivyo kama pambo.

Mkanda wa kiuno ukae katikati yake juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga: nusu juu, nusu chini. Ukikaa chini zaidi unabana mishipa ya fahamu inayopita mbele ya nyonga, na paja la nje linakufa ganzi. Ukikaa juu, unabana tumbo na unateleza chini hatua kwa hatua. Vidole vya mkono vikiwasha au kufa ganzi, mikanda ya mabegani ndiyo inabana karibu na mtulinga. Sponji ya mkanda hulegea ikipata joto na jasho, basi nusu saa ya kwanza ikiisha kaza tena sentimita moja au mbili kabla hujalaumu begi.

Kupima nyumbani hakuhitaji chochote cha ajabu. Chupa kumi za maji za lita moja na nusu zina kilo 15. Mfuko wa kulalia utangulie chini, chupa zisimame katikati zikigusa mgongo, nguo zizibe pembeni na juu. Bandika vipande viwili vya selotepu, kimoja kwenye shina la mikanda ya mabegani, kingine katikati ya mkanda wa kiuno kwa nyuma. Vaa begi likiwa na chupa moja tu, mtu akupimie umbali. Kisha vaa na zote kumi, apime tena. Hapo hakuna kubishana na tangazo la mtu. Halafu tembea dakika 40 ikiwezekana kwenye ngazi. Dakika tano hazikuambii kitu, kila begi ni tamu kwa dakika tano.

Ukiwa bado umelivaa, fanya na hili: legeza mikanda ya mabegani sentimita 3. Begi likiegemea nyuma bila kushuka, kiuno ndicho kilichokuwa kinabeba. Likishuka, fremu imelala.

Wengi wetu hatununui mapya. Kwenye masoko ya mitumba, Gikomba na Toi za Nairobi, au Kiboroloni kule Moshi, mabegi ya majina makubwa yanapatikana kwa sehemu ndogo ya bei, na muuzaji atakuapia kuwa ni orijino, kaka, shika mwenyewe. Shika kweli, lakini shika mgongo. Ingiza mkono ndani utafute mifuko myembamba mirefu ya fito: mara nyingi iko mitupu, fito zilichomolewa zamani. Angalia kama mkanda wa kiuno ni ule unaochomoka na kama upo. Bonyeza sponji ya mkanda kwa kidole gumba ukihesabu hadi tano, uachie; shimo lisiporudi, mkanda umekufa. Geuza kitambaa ndani nje: utando wa kuzuia maji ukiwa unanata au kubanduka kama ngozi iliyoungua jua, begi litavuja, ingawa bado litabeba. Mwisho vuta mikanda ya mabegani kwa nguvu kutoka kwenye mashina yake ukisikiliza uzi. Zipu mbovu na bizimu iliyovunjika zisikutishe, hizo ni kazi za fundi wa mabegi, mradi ujue upana wa mkanda: 20, 25 au 38 milimita.

Fito zilizopotea zinatengenezeka. Mafundi wa madirisha ya alumini wana mabaki ya vipande bapa. Omba cha upana wa milimita 12 na unene wa 3. Alumini ya madirisha ni laini kuliko ya mabegi, ndiyo maana unene usipungue 3. Kata urefu wa mfuko wake kasoro nusu sentimita, piga tupa kwenye ncha mpaka ziwe mviringo, zungushia selotepu ya kitambaa mara tatu. Ncha kali hutoboa begi siku ya kwanza ya mzigo. Kunja kama nilivyoeleza juu.

Upangaji unaweza kulifanya begi la wastani libebe kama zuri, au kinyume chake. Maji na chakula, yaani vitu vizito, vikae vikigusa mgongo, kuanzia juu kidogo ya kiuno hadi katikati ya mabega. Vyepesi viende nje na chini. Maji ya lita 10 usiyaweke kwenye dumu moja: maji yasiyojaa yanacheza, kila hatua yanakuyumbisha. Mifuko laini ya lita 2 mitano inalala bapa, unaitoa mmoja mmoja, na inayobaki inabaki imejaa. Kabla ya kufunga, weka begi chini kifudifudi, ulikandamize upande wa mgongo kwa kiganja. Ukiona limetokeza kama ngoma, toa vitu, panga upya kitu bapa upande huo, mkeka uliokunjwa au mfuko wa unga, kisha kaza kamba za pembeni za chini kabla ya za juu.

Ukilivaa, legeza kila mkanda kwanza. Inama kidogo, weka mkanda wa kiuno mahali pake, ukaze. Simama wima, vuta mikanda ya mabegani mpaka iguse bega bila kuinyang'anya nyonga kazi yake, halafu vikanda vya juu kidogo, cha kifuani mwisho kabisa. Wengi wanaanza na mabega kwa sababu ndiyo yanayofikika, na ukianza hivyo begi linaning'inia juu ya kiuno mchana kutwa.

Siku ya tatu asubuhi, mifuko minne ya maji ikiwa imekunjwa mitupu na begi limebaki kilo 8, mpangilio unageuka. Shusha vitu vyote vikae chini, legeza vikanda vya juu, na ukipenda fungua kabisa mkanda wa kiuno kwenye mteremko mwepesi. Jasho linakauka kwenye nyonga, na kilo 8 mabega hayazisemi vibaya.